Hata Adui wa Karatasi Ana Haki Yake

Mheshimiwa Naibu wa Chifu, Mheshimiwa Mzee Geoffrey Shivachi, mwenye duka letu la uchapaji na mgeni wetu wa heshima, Mchungaji Muia, uliyetufungulia ukumbi huu wa kanisa na kutuombea tusikwaruze sakafu, Mama Filister pamoja na ujumbe mzima uliotoka Kisumu Ndogo, majirani wa Kawangware, wa steji ya 46 na ya 56, wafanyakazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi vijana wa pale nyuma ambao mmeshaniambia "niaje" kwa vidole ili nicheke nikisoma: Bwana asifiwe. Hamjambo nyote.

Naomba radhi kwa karatasi hii inayotetemeka. Karatasi yenyewe ni nzuri na imekatwa vizuri. Kinachotetemeka ni karani.

Kwa wasionijua, naitwa Kevin Mulwa. Kazi yangu dukani ni kupokea maandishi ya wateja, kuyasoma mara mbili, na kuhakikisha kwamba marehemu hajapewa jina la bwana harusi. Ni kazi ya kukaa. Haina maikrofoni. Lakini wiki iliyopita Mzee aliniita akaniambia, "Mulwa, wewe huna upande. Utasoma ripoti ya wajaribu mbele ya watu, nami nitaamua papo hapo." Nikajibu, "Sawa, Mzee," kisha nikaenda kunywa maji.

Najua wako waliokuja kwa sababu walisikia kuna pilau. Pilau ipo. Lakini kwanza mtaniruhusu nieleze tumekuja kuzindua nini, maana hata mwenye njaa hupenda kujua anakula sherehe ya nani.

Tunazindua mchezo wa mezani. Ni mchezo wa vita vya majini, wa zama zile za merikebu za matanga, na unachezwa na mtu mmoja peke yake. Unaongoza merikebu iitwayo Nyar Nam, yaani binti wa ziwa, kutoka bandari moja hadi nyingine, na njiani kuna adui anayekuwinda. Adui huyo hana mtu wa kumchezea. Kadi zinasema atakwenda wapi, na dadu inasema mizinga yako imefanya nini. Ukipata sita, mlingoti wa adui unavunjika na njia iko wazi. Ukipata moja, mzinga wako unapasuka, na mabaharia wako wanaruka majini wakikutaja kwa jina.

Visanduku viko tayari. Ramani ziko tayari. Kadi zimeshakatwa. Kilichobaki ni ukurasa mmoja wa kijitabu cha kanuni, na katika ukurasa huo ugomvi wote ni sentensi moja. Nitaisoma kama ilivyo: "Kila kadi ya adui na kila dadu isomwe kwa sauti ya kusikika chumba cha pili." Mzee Shivachi anataka sentensi hiyo itoke. Adhis, aliyebuni mchezo, amesema ikitoka, jina lake nalo litoke kwenye kisanduku, kwa sababu mchezo utakaobaki hautakuwa wake. Mashine imeshatiwa wino na inasubiri. Na kati ya mwenye duka na mwenye mchezo amesimamishwa karani. Mnaona sasa kwa nini nilikunywa maji?

Adhis mnamjua hata kama hamumjui. Ndiye anayesimamia mashine ya kukata karatasi, na karibu kila nyumba hapa ina kitu kilichopita chini ya kisu chake: kadi ya harusi, programu ya mazishi, tiketi ya harambee ya kanisa. Vipande vinavyobaki ndivyo alivyojengea mchezo wake. Kadi za kwanza za adui zilitoka kwa kadi za harusi zilizoharibika, kwa hiyo ulipofunua kadi iliyosema "Adui apiga mizinga yote ya ubavu," ulikuta upande wa pili nusu ya bibi harusi akitabasamu. Wajaribu wawili walisema hiyo ndiyo kadi iliyowatisha kuliko zote.

Kwa nini mchezo wa mtu mmoja? Nilimwuliza. Akanikumbusha bao la drafti lililoko kando ya kinyozi pale steji ya 56. Adhis anapenda drafti, na anaijua. Lakini akikaa tu, wanaume wanamzunguka, na kabla mkono wake haujafika kwenye kete, mikono mingine imeshafika. "Madam, usiguse hiyo. Sukuma ile. La, si hiyo ile, ile ingine." Akishinda, wanapongezana wao kwa wao. Akishindwa, ni yeye. Aliniambia, "Mulwa, nataka mchezo ambao hakuna mtu ataniambia sukuma ile." Je, alifanikiwa? Ndugu wageni waalikwa, vumilieni kidogo.

Na kwa nini merikebu? Hapo lawama ni ya mteja mmoja aliyeagiza kalenda zenye picha za merikebu za zamani, kisha hakurudi kuzichukua. Mwaka ukapita, kalenda zikapitwa na wakati, Adhis akazikata picha, akaanza kuuliza maswali. Chombo kisicho na injini kinawezaje kwenda kule upepo unakotoka? Alikwenda maktaba akarudi na jibu. Hakiendi moja kwa moja. Kinakwenda kwa kukata pembeni, kushoto kidogo, kulia kidogo, na mabaharia huita jambo hilo kubisha. Alinifafanulia hivi: ni kama kupita kwa jirani mwenye mbwa mkali. Unakokwenda unakujua, lakini hukutazami. Nikaelewa mara moja, kwa kuwa ndivyo ninavyoingia ofisini kwa Mzee.

Sasa naingia kwenye ripoti.

Mchezo ulipokamilika, Adhis alitugawia wafanyakazi wote sampuli twende tukaucheze nyumbani, kila mtu peke yake kama ulivyokusudiwa, kisha tumwambie matokeo. Chege wa mashine kubwa alishinda. Ndanu wa kushona vitabu alishinda, akaongeza kwamba adui alikuwa kama mtu aliyelala. Mzee Shivachi alishinda. Akarudia, akashinda. Akaja siku iliyofuata akiwa ameshinda tena, na akatueleza vita vyote, mlingoti kwa mlingoti, mpaka chai ikapoa.

Adhis akasema mchezo ni rahisi mno. Akampa adui merikebu ya pili. Tukashinda. Akamwongezea mizinga, akampa upepo mzuri, akampa nahodha mwerevu. Tukashinda. Mwishowe akamjengea adui ngome ya mawe kwenye mlango wa bandari yetu wenyewe, na Chege akaja asubuhi akitafuna mandazi akasema, "Ile ngome nimeichoma." Mawe, ndugu zangu. Aliyachoma.

Alikuwapo mtu mmoja tu aliyeshindwa, naye ndiye huyu mnayemtazama. Kila nilipofunua kadi nikaona adui yuko karibu, niliona afadhali nisubiri. Nikasubiri upepo ugeuke. Nikasubiri ukungu uondoke. Nikasubiri adui achoke. Kanuni zinasema mabaharia hula kila zamu, nao walikula, mpaka biskuti zikaisha, na merikebu yangu ikafa njaa bandarini, nanga iko chini, matanga yamekunjwa vizuri, bila kupigwa hata mzinga mmoja. Adhis alipopata habari alikuja mezani pangu mbio.

"Mulwa! Kweli umeshindwa?"

"Nisamehe."

"Usiniombe msamaha, wewe ndiye wa kwanza! Umeshindwaje?"

"Sikutoka."

Akarudi kwenye mashine yake pole pole, kama mtu aliyeambiwa kwamba dawa imepatikana lakini ni ya ng'ombe.

Waheshimiwa, sasa ripoti imefika mahali pagumu, na naomba mwenye moyo mwepesi aanze kuniombea. Kati ya meza yangu na ofisi ya Mzee Shivachi kuna ukuta wa mbao nyembamba. Mimi sisikilizi. Lakini mbao hazina habari kwamba mimi sisikilizi. Saa ya chakula cha mchana Mzee alipenda kufunga mlango na kuingia vitani, nami upande wa pili nikawa nasikia dadu ikigonga meza. Halafu sauti ya mtu mzima, mtu wa heshima, mzee wa kanisa: "Hiyo imeanguka vibaya." Dadu inagonga tena. "Hiyo nilikuwa najaribu mkono." Inagonga tena, inaruka, inaviringika sakafuni. "Ya chini haihesabiwi."

Simlaumu. Namsifu! Ni nahodha gani mwingine, tangu watu waanze kutweka matanga, aliyepewa na Mungu dadu zenye adabu namna ile? Maana dadu mbaya za Mzee zote ziliruka chini zenyewe, na nzuri zote zilibaki mezani zimetulia kama watoto wa Sunday school. Wala si yeye peke yake. Nilipomdodosa Ndanu kwa upole, alisema, "Mimi sikudanganya, Mulwa. Kuna baharia wangu mmoja tu nilimsamehe kufa." Chege naye alisema kadi ya ngome ilikuwa imelowa chai, kwa hiyo aliihesabu kama mvua.

Adhis hakusikia lolote kati ya haya, kwa sababu mashine yake inanguruma. Alichojua ni kwamba amemlisha adui mpaka adui amejaa ramani, na bado kila mtu anamla kama njugu. Basi Jumapili moja, baada ya ibada, akabeba kisanduku akaenda Kisumu Ndogo, kule Kibera, kwa shangazi yake, Mama Filister, ambaye anauza omena, yaani dagaa wa ziwani, na yuko mbele yangu hapa na kitambaa cha buluu. Nilimsindikiza ili niandike matokeo. Tonny, mwanawe anayetengeneza simu na binamu yake Adhis, akakubali kujaribu. Akageuza kreti la soda, akatandaza ramani, akaanza.

Ndugu zangu wa Kawangware, nyinyi mnajua kuchungulia. Lakini Kibera watu hawachungulii; wanakaa. Kabla Tonny hajang'oa nanga, kreti lilikuwa limezungukwa. Nikamwona Adhis amefumba macho. Ile "sukuma ile" aliyoikimbia 56 ilikuwa imefika kabla yake. Hapo ndipo Mama Filister, aliyekuwa akipepeta omena, alipouliza:

"Tonny, unacheza na nani?"

"Peke yangu, mathe."

"Na hii meli nyingine ni ya nani?"

"Ya adui."

"Adui ako wapi?"

"Hayuko. Ni wa karatasi."

Mama Filister akaweka ungo chini. "Kwa hivyo mnampiga mtu, na hana mtu wake hapa?"

"Mathe, nimesema ni wa karatasi!"

"Hata kama. Hata kesi ya kuku, kuku husimamiwa. Mimi niko na yeye. Funua hiyo kadi, na usome tukisikia."

Tonny akafunua, akasoma. Akarusha dadu, akaizoa haraka kuliko ilivyoanguka.

"Rudisha hapo!"

"Imeteleza, mathe."

"Iliteleza ikaonyesha nini?"

"Kitu kama… moja."

"Sema tena. Billy hajasikia."

Billy ni muuza makaa wa kibanda cha pili, na alikuwa amesikia vizuri sana. "Sijasikia," akasema.

"Moja!" Tonny akapiga kelele, na mtaa mzima ukashangilia, na mabaharia wa Nyar Nam wakaruka majini wakisindikizwa na makofi. Tonny akacheza tena, akashindwa tena. Billy akamsukuma kando akasema, "Wewe hujui maji, toka," akakaa yeye, akapigwa kabla ya kumaliza kujisifu, huku Tonny sasa akimsimamia adui kwa uchungu wote wa mtu aliyetoka kupigwa naye. Kila aliyeketi kwenye kreti lile aliinuka bila merikebu. Mwishowe hata wakili wa adui akaona haya.

"Lakini Adhis," Mama Filister akasema, "huyu mteja wangu mmemlisha nini? Meli mbili, ngome, upepo wote ni wake. Hii si vita. Hii ni kuonea watu."

Adhis akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi juu ya gunia la makaa na nguo yake ya kanisani. Alikuwa ameelewa. Muda wote ule aliodhani adui ni dhaifu, adui hakuwa dhaifu. Alikuwa hana mtu.

Siku ile ile alimpokonya adui ngome, na mizinga ya ziada, na nahodha mwerevu, akamrudisha alivyozaliwa. Wakacheza tena mbele ya Mama Filister, na sasa mchezo ukawa mchezo: wengine walishinda, wengine walizama, na Aluoch, binti yake Mama Filister, alipoingia bandarini na mlingoti mmoja na mabaharia wachache, alitembea Kisumu Ndogo yote akiwaambia hata wasiomwuliza. Je, kuna yeyote kati ya wenzangu wa dukani, walioshinda kila siku, aliyewahi kutembea hivyo? Mimi nawajibu: hakuna. Walishinda, wakafunika kisanduku, wakalala.

Ndipo likaja swali la kanuni. Mchezo huu utauzwa mbali na kreti lile. Hatuwezi kumtia Mama Filister katika kila kisanduku. Kwanza hatatoshea, pili hatakubali. Adhis akafikiria nyumba zetu zilivyo. Sisi wapangaji tunajua: jirani akikohoa, wewe ndiye unayesema pole. Basi akaandika ile sentensi, kwamba kadi na dadu zisomwe kwa sauti ya kusikika chumba cha pili.

Niliijaribu mwenyewe chumbani kwangu, 56. Upande wa pili wa mabati anakaa Kalondu, mshonaji nguo, ambaye kwa mwaka mzima tulikuwa hatujazungumza zaidi ya "habari" na "mzuri." Nilisoma kadi. Nikasoma dadu. Nikafika mahali dadu ikawa mbaya, nikanyamaza kidogo, kidogo tu, nikiitazama. Cherehani ya Kalondu ikasimama.

"Mulwa," sauti ikapenya, "mbona umenyamaza? Ni ngapi?"

"Mbili."

"Si ungesema. Haya, endelea."

Na kwa kuwa sasa kulikuwa na mtu aliyesubiri, sikuweza kukaa bandarini. Nilitoka. Nilipigwa vibaya, lakini nilipigwa katikati ya bahari. Asubuhi tulipokutana tukichota maji kwenye mfereji, Kalondu aliniuliza, "Ile meli yenu ilizama na watu wote?" Nikamwambia wengine waliogelea. Akasema, "Afadhali."

Lakini mimi sina upande, na ripoti isiyo na upande lazima iseme hoja ya Mzee Shivachi kama alivyoisema yeye. Mzee alisema, "Mimi nimechapia watu miaka yote kwa kuwaamini. Sentensi hii inamwambia mteja wangu kwamba ni mwizi kabla hajafungua kisanduku. Mtu mzima hawezi kufundishwa kusoma kwa sauti ndani ya nyumba yake mwenyewe." Hiyo si hoja ndogo. Akaongeza nyingine: "Na mimi nyumba yangu ni ya mawe. Chumba cha pili hakuna mtu. Nikisoma, nani atanisikia?"

Adhis alikuwa amesimama mlangoni na vumbi la karatasi kwenye nywele. Akasema, "Utajisikia mwenyewe, Mzee."

Mzee akasema tutaona. Na leo ndiyo siku ya kuona.

Mzee Shivachi, ulinipa kazi kwa sababu sina upande. Nimeitafuta hali hiyo ya kutokuwa na upande katika kurasa zote hizi, nikaikosa. Ripoti ya wajaribu inasema sentensi ibaki, na jina la Adhis libaki nayo. Pasipo sentensi hiyo tutauza kisanduku kizuri sana cha kushinda, na hakuna atakayekifungua mara ya pili. Haya nimeyasema.

Tena najua kwamba Mzee haamini kitu mpaka akishike. Kwa hiyo, kwa ruhusa yako, Mchungaji, naomba kile kitambaa kiondolewe kwenye meza ya mbele. Nyar Nam yuko hapo, karibu na mlango wa bandari. Adui yuko mbele yake. Ni zamu moja tu, Mzee, mbele ya watu hawa wote, halafu utaamua utakavyo, nasi tutakula.

Asante, Mzee. Tafadhali mpisheni. Mama Filister, wewe leo uko upande wa nani? Nimesikia. Sikupaswa kuuliza.

Kadi kwanza, Mzee. Wa nyuma wanasema hawajasikia. Ndiyo, hata mimi najua kwamba wamesikia, lakini ni haki yao. Naam: "Adui akata njia mlangoni mwa bandari." Asante. Sasa dadu.

Imeruka! Imeanguka chini. Tafadhali mtu asiiguse, iko chini ya kiti cha Mchungaji. Mchungaji, wewe ndiye tunayekuamini wote. Ukiinama kidogo unaona nini? Sita? Mchungaji anasema ni sita.

Jamani, tulieni. Ndiyo, Mzee, ni sita. Ndiyo, sita inavunja mlingoti wa adui na kufungua njia, kanuni naijua. Lakini Mama Filister amesimama. Anasema… anasema, "Ya chini haihesabiwi." Mzee, usinitazame hivyo, sikumwambia kando. Nimesema hapa hapa, kwenye maikrofoni, na wewe ukiwepo.

Mzee anasema ni haki. Anairudia. Ndugu wageni, tupunguze kelele.

Imebaki mezani. Imetulia. Kutoka hapa nilipo mimi siioni. Mama Filister, hata wewe umezibwa na kofia ya Mzee. Adhis ametazama dirishani. Katika ukumbi huu wote kuna mtu mmoja tu anayeiona dadu ile, na mkono wake uko karibu nayo.

Mzee, tunakusubiri.

Moja.

Amesema moja. Nyote mmesikia? Billy, umesikia? Billy anasema safari hii amesikia. Mzee Geoffrey Shivachi, nahodha asiyewahi kushindwa, amezamisha Nyar Nam mwenyewe, kwa sauti ya kusikika si chumba cha pili tu bali hadi kwa yule anayechoma mahindi barabarani. Kaeni chini, tafadhali. Kaeni. Mama Filister, mwachie Mzee mkono, anataka kusema neno.

Amesema, "Chapeni." Anasema tena, "Chapeni yote, na jina lake liwe kubwa." Chege, usiende sasa, maliza kusikiliza, mashine haitakimbia.

Waheshimiwa, nilikuwa nimeandika kurasa mbili za mwisho, moja ya Mzee akikubali na moja ya Mzee akikataa, na sasa naona kwamba zote mbili zilikuwa ukurasa mmoja wa kuomba msamaha. Nimezikunja. Mzee, asante kwa dadu ile. Wengi wanaweza kushinda mlango ukiwa umefungwa, lakini kusema moja mbele ya watu hawa kunahitaji nahodha. Adhis, hongera, na pole, kwa sababu ulitafuta mchezo ambao hakuna atakayekuambia sukuma ile, na ukatengeneza mchezo ambao jirani atauliza ni ngapi. Mama Filister, mteja wako ameshinda, na hana pesa za kukulipa. Mchungaji, sakafu haijakwaruzwa.

Nami, niliyeifisha kwa njaa merikebu nzima bandarini, leo nimetoka. Sijui bado Jumatatu nitapigwa vipi. Lakini niko katikati ya maji, na ninaona kwamba hata huku watu hupumua.

Pilau iko upande wa kulia. Wenye watoto watangulie. Mmenisikiliza kwa subira, na kwa mara ya kwanza nimejisikia mwenyewe. Asanteni sana.